Blauzi ya Saa Nne

Kila nguo ya heshima aliyokuwa nayo ilifungwa mgongoni. Aligundua hivyo Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya likizo yake ya uzazi kwisha, akiwa mbele ya kioo cha kabati na gauni la tatu limemkwama mabegani. Zipu nyuma, vifungo nyuma, kamba za kufunga nyuma. Miaka yote aliyokuwa akinunua nguo alijitazama kifuani na kuridhika kwamba pametulia, hapana mshono wala kifungo, laini kama ukurasa usioandikwa. Hakuwahi kufikiri kwamba ipo siku pale mbele patahitaji mlango.

Mumewe alikuwa kitandani amepakata mto. Mto huo ndio uliokuwa mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa sebuleni kwa bibi yake, na walikubaliana asisumbuliwe mpaka nguo ipatikane. Mume huyo ni fundi wa mafriji, mtu aliyezoea kupiga magoti na kuchungulia nyuma ya vitu, na asubuhi hiyo alipewa kazi ya kuwa macho ya watu.

“Haya, mchukue,” alisema, akampa mto. “Nyonyesha. Mimi mteja, nimesimama kaunta.”

Mkewe alivaa blauzi ya kijani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaipandisha upande mmoja na kuuleta mto kifuani.

“Naona tumbo.”

“Na hivi?”

“Tumbo limepotea. Sasa naona ubavu mpaka kwapani.”

“Hamia kulia.”

Akahamia kulia, akainama, akafumba jicho moja. “Huku, mke wangu, naona mpaka siri za ndoa. Huku mteja asisimame.”

Wakacheka. Kutoka sebuleni sauti ya mama mkwe ikapenya pazia la mlango. “Mnacheka nini humo? Mwenzenu huku ananitazama kama nimemwibia mtu.”

Ndivyo alivyokuwa binti huyo wa miezi mitatu na nusu. Baba yake alimwita Mkaguzi kabla hajatimiza wiki, kwa sababu hapakupita mtu wala kivuli asichokigeuzia macho. Hata akinyonya, mlango ukilia aliachia titi, akapinda shingo, akatazama mpaka aridhike, ndipo arudi. Nyumbani haikuwa shida. Shida ilikuwa Jumatatu.

Maana mama yake alikuwa muuzaji wa duka la spea za magari, na mwaka huu alikuwa anatimiza kumi na moja nyuma ya kaunta ile. Mafundi wa karakana za mtaa walimwita Namba. Fundi akimwekea kipande kilichovunjika mbele yake, kimejaa grisi, alikigeuza mara mbili mkononi, akakibana kwa kipimo chake cha chuma kinachosoma mpaka milimita, akataja namba ya kipuri kipya kabla kitabu hakijafunguliwa. Wengine waliapa kwamba anazinusa. Tangu ajifungue walimwita Mama Namba, na wengine walimtumia salamu kwa njia ya namba tu, kwamba hajambo yule elfu sita na tatu, namba ya beringi ndogo, jina walilompa mtoto kabla hawajamwona.

Muuguzi wa kliniki alimwambia mtoto apate ziwa tu, bila kitu kingine, mpaka atimize miezi sita. Likizo ilikuwa ya miezi mitatu. Aliiunganisha na siku zake zote za mapumziko, ikafika mitatu na nusu, ikagota. Alijaribu kukamua. Nusu saa ya kukamua kwa mkono ilimpa maziwa ya kufunika kitako cha kikombe, na kifaa cha kukamulia alichoazimwa na jirani kilimpa maumivu na mlio wa pampu ya baiskeli, basi. Maziwa yake yalimjua mtoto tu. Ilibaki njia moja: mama mkwe awe anamleta dukani mara mbili kwa siku, saa nne na saa nane, robo saa kila mara.

“Ziwa lisiponyonywa linapungua,” muuguzi alisema, “na likishapungua, kulirudisha ni kazi.”

Maneno hayo Namba aliyashika kama alivyoshika namba.

Bosi wake hakuwa mtu mbaya. Alikubali robo saa zote mbili hata kabla hajamaliza kuombwa. Ila alikuwa na masharti mawili. Kwanza, kaunta isikae bila Namba, kwa sababu wauzaji wengine wawili, wakiulizwa kitu, walimtazama yeye kwanza. Pili, sare. “Vaa mtindo unaoutaka,” alisema. “Fulana, shati, hata gauni. Ilimradi iwe bluu yetu na gia yetu ionekane.” Gia ilikuwa nembo ya duka, gurudumu la njano lenye meno, na mahali pake palikuwa kifuani, upande wa kushoto.

Pa kujificha hapakuwepo. Nyuma ya kaunta kulikuwa na stoo isiyo na mlango, rafu mpaka darini, mabomba ya eksozi yakining'inia kama nyama buchani, na watu wakiingia na kutoka kutwa nzima kufuata springi na silensa. Choo kilikuwa nje, cha wapangaji wote wa jengo, na ufunguo wake ulishinda ukitafutwa. Palipobaki ni kiti cha plastiki mwisho wa kaunta, mgongo ukutani, uso kwa wateja.

Jumatatu ya kwanza alivaa fulana ya duka, ile ile ya siku zote, na mtandio mpana wa pamba begani. Saa nne kasoro dakika mbili akawaona kupitia mlango mpana: mama mkwe akivuka barabara kwa hatua za taratibu, mwavuli juu, mtoto kifuani. Maziwa yakaanza kushuka kabla hawajafika. Akakaa kitini, akampokea mtoto, akamfunika mtandio na kuipandisha fulana chini yake.

Mtoto alinyonya mara tatu. Kisha akaisikia sauti ya Kibiriti.

Kibiriti alikuwa fundi wa injini, na jina lilitokana na njiti ya kibiriti ambayo haikutoka mdomoni mwake ila wakati wa kula. Sauti yake ilizoea kushindana na injini. “Mama Namba, umerudi mjini. Nipe sili ya krenki ya ile pikapu nyeupe, ya nyuma, kabla mwenye gari hajanila.”

Mtoto akaachia titi. Akaukamata mtandio kwa ngumi, akauvuta kwa nguvu zake zote, na mtandio ukaanguka sakafuni. Fulana ilikuwa juu. Tumbo la mama aliyejifungua majuzi lilikuwa nje na mikunjo yake yote, na titi liliendelea kutiririsha kwenye shingo ya mtoto, ambaye alikuwa amemkazia macho Kibiriti bila haraka yoyote.

Hakuna aliyemtania, na hilo ndilo lililomuumiza. Mafundi watano walikuwa kaunta, watu wa kutaniana matusi tangu asubuhi mpaka jioni, na wote kwa pamoja walianza kusoma maandishi ya makopo ya oili. Kibiriti alisoma lake mpaka upande wa nyuma.

“Hamsini na saba kumi na moja,” alisema Namba, fulana ameshaishusha, masikio yanamwaka moto. “Rafu ya tatu.”

“Nimeiona,” alijibu Kibiriti kwa upole usio wake. Hakuwa ameiona. Alikuwa bado anatazama kopo.

Robo saa ikaisha hivyo. Mama mkwe alimbeba mjukuu wake, na hata walipofika ng'ambo ya barabara kilio kilisikika mpaka kaunta.

Wiki ile yote alivaa kila alichoweza kufikiria. Shati la bluu la mumewe lilifunguka mbele, lakini vifungo vilianzia juu, na ili afike alikotaka kufika ilimbidi apite shingoni na kifuani kote kama mtu anayevua kabisa. Alikata matundu mawili kwenye singleti ya ndani ili tumbo lisitirike anapopandisha fulana. Kufika saa tatu matundu yalikuwa yamezungukia makwapani. Saa ya chakula alikimbia mitumbani, akachambua fungu la blauzi mpaka kucha zikajaa vumbi. Zilizofunguka vizuri zilimbana, na zilizomwenea zilikuwa za rangi za kung'aa ambazo bosi asingezivumilia hata kwa gia tatu. Na kila siku ilikuwa ile ile: nguo inahangaisha, mama anahangaika, mtoto ananyonya kidogo, anaisikia sauti, anageuka, robo saa inakwisha. Jioni matiti yalikuwa magumu kama mawe. Ijumaa hayakuwa magumu sana, na jambo hilo likamtisha kuliko ugumu wenyewe.

Ijumaa hiyo, baada ya kazi, alivuka barabara kwenda kwa fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa mzee wa suti. Alikaa barazani na cherehani yake ya kukanyaga, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kutwa kucha. Namba alikuwa akimwona kwa miaka kumi na moja na hakuwahi kumpelekea hata kitambaa cha mfukoni.

“Nataka blauzi, Fundi.”

“Ya sherehe?”

“Ya kazi.” Akashusha sauti. “Ya kunyonyeshea.”

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Mimi, mama, nashona suti.”

“Najua, ndiyo maana nimekuja. Suti ina mifuko isiyoonekana. Mimi nataka mfuko usioonekana.”

Hapo mzee akakaa vizuri. “Enhe. Lete maneno.”

Namba akatoa mchoro. Aliuchora usiku uliopita nyuma ya boksi la pedi za breki, kwa rula, kila mstari na kipimo chake. Blauzi ingekuwa na sehemu mbili mbele. Ya juu ingeshonwa mabegani tu na kuning'inia mpaka chini ya matiti, ikae na gia yake kama kawaida. Chini yake kungekuwa na bitana ya ndani, yenye mipasuko miwili, mmoja kila upande, mahali hasa panapotakiwa. Unainua ya juu kidogo, mtoto anaingia, ya juu inamfunika. Tumbo halionekani, ubavu hauonekani, na wala hakuna mtandio wa kuvutwa.

Fundi aliusogeza mchoro karibu na pua. “Hizi ni milimita?”

“Ndiyo.”

“Mama, hapa tunapima kwa sentimita, na macho yakichoka tunapima kwa vidole.” Lakini alitabasamu, na kidole chake kiliifuata mistari kwa heshima. “Umepima mwenyewe?”

“Jana jioni. Mara mbili.”

“Vizuri. Nitaacha nafasi ya vidole viwili kila upande.”

“Usiache.”

“Mama, kitambaa lazima kipumue.”

“Kikipumua kitavimba, na kikivimba mtu wa pembeni anaona ndani. Kitu chenye mchezo, kilicholegea, hakikai mahali pake, Fundi. Mimi nauza beringi.”

Mzee akamtazama juu ya miwani. Midomo yake ilisogea, kama anayetaka kusema neno, akatazama pembeni, akaanza kuizungusha futi kidoleni. Namba angeweza kuwa binti yake wa mwisho. “Sawa,” alisema. “Kipimo chako, blauzi yako. Njoo Jumanne.”

Jumanne alikuta kitambaa hakijakatwa. Alhamisi kilikatwa, lakini uzi wa rangi ile uliisha. Jumamosi uzi ulipatikana, na sare za shule za watoto wa mtaa mzima zikatangulia, maana shule zilikuwa zinafunguliwa. “Mikono tu imebaki,” alisema mzee, na Namba, ambaye amewaambia mafundi gari mara elfu kwamba mzigo uko njiani, alijua maana yake. Akarudi nyumbani mikono mitupu. Hakugomba. Angegombana na nani, wakati mtu pekee anayeweza kumshonea ndiye huyo huyo.

Jumatano ya wiki ya tatu, jioni, alimkuta mama mkwe jikoni anaosha kikombe kidogo. Mwanamke huyo hakuwa na desturi ya kuzunguka maneno. Safari hii alikiosha kikombe mara mbili.

“Mwanangu, nikuambie kitu, usinichukie.”

“Niambie, Mama.”

“Jana na leo nimempa maziwa ya kopo. Tukitoka kwako saa nne analia, na jana alilia mpaka sauti ikakatika. Akawa analia bila sauti. Nimelea watoto sita, sijaona mtoto analia bila sauti.”

Namba akaweka mkoba juu ya meza. “Akanywa?”

“Akanywa.”

“Hakucheua?”

“Hakucheua. Akalala.”

Alitamani kukasirika. Alitafuta ndani yake pa kushika hasira hiyo na hakupaona. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka sitini na tano aliyekuwa anatembea juani mara nne kwa siku na mtoto kifuani, kwenda na kurudi, ili mkwewe aweze kuuza sili za krenki. “Ulipima vijiko?” aliuliza mwisho.

“Nilimwomba jirani anisomee kopo.”

“Basi umefanya vizuri, Mama.”

Kisha akaingia chumbani na kumchukua mtoto, na mtoto akanyonya, ila kwa uvivu, kama mtu anayeonja chakula cha wageni ilhali ameshakula kwao.

Blauzi ilikamilika Jumamosi ya wiki hiyo. Ilikuwa kazi ya mzee wa suti kweli: mishono imelala, pindo limenyooka, gia ya njano imekaa juu ya sehemu ya nje utadhani ilizaliwa hapo. Jumapili, mtoto alipomaliza kunyonya mchana, Namba aliijaribu, na mumewe akarudi kwenye kazi yake ya kuwa mteja. Alisimama mbele, akahamia kulia, akainama, akapanda hata juu ya stuli. “Sioni kitu,” alisema. “Ningekuwa mteja ningesema mtoto amelala tu.” Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu Namba alicheka mpaka machozi, akaipiga pasi blauzi yake, akaitundika mlangoni aione mpaka alale.

“Kesho usimpe kopo asubuhi,” alimwambia mama mkwe. “Aje na njaa.”

“Atakuja na njaa,” aliahidi mama mkwe.

Jumatatu mtoto alinyonya saa kumi na mbili, na mama akaenda kazini. Kufika saa tatu blauzi ilianza kumbana. Saa tatu na nusu alikuwa anapumua kwa juu juu. Saa nne mtoto akaja, na njaa aliyoahidiwa alikuja nayo yote. Namba akakaa kitini, akainua sehemu ya juu, akapeleka mkono ndani kutafuta mpasuko, na mpasuko haukuwa mahali pake. Matiti yalikuwa yamejaa kwa saa nne, yameisukuma bitana pembeni na kuikaza kama ngozi ya ngoma, na chuchu ilikuwa vidole vitatu nje ya mlango wake. Akavuta. Mshono wa mzee wa suti haukuwa mshono wa kuvutika.

Ndipo alipoelewa. Alijipima jioni, baada ya kunyonyesha, matiti yakiwa matupu. Yeye, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa anawaambia mafundi kwamba ringi ya pistoni huachiwa nafasi kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka, alijipima akiwa baridi na kumkataza mzee asimwachie hata kidole kimoja.

Mtoto alikuwa analia sasa, kilio cha kukunja miguu. Kaunta yote ikaanza tena kusoma makopo. Namba akainuka, akaingia stoo, akajipenyeza nyuma ya mabomba ya eksozi, akaivua blauzi yote juu ya kichwa, akakaa juu ya kreti la chupa za maji ya betri na sidiria yake tu. Muuzaji mwenzake akaja kufuata silensa. “Samahani, samahani, sijaona kitu,” alisema, akarudi kinyumenyume, akatoka na silensa ya gari jingine.

Na mtoto hakuweza kunyonya. Alishalia mno. Maziwa yalitoka kwa kasi, yakampiga usoni, yakampalia, akakohoa, akageuza kichwa, akalia upya. Namba alimbembeleza, akambadilisha upande, akamwimbia kwa sauti ya chini katikati ya harufu ya mpira na grisi. Robo saa ikaisha. Bosi alikohoa kwenye uwazi wa stoo, kikohozi cha adabu, akasema kuna mtu anataka seti ya klachi na hakuna anayejua namba.

Jioni ile aliiweka blauzi mbele ya fundi cherehani. Mzee akaigeuza, akaiona bitana ilivyotanuka, akaelewa. Akachukua wembe mdogo, akaanza kufumua.

“Mke wangu amenyonyesha saba,” alisema, macho kwenye mshono. “Siku ile ulipokataa nafasi nilijua kuna kitu. Ningekuambia. Niliona nitakuaibisha.”

“Na mimi ungeniuliza, nisingekujibu, Fundi. Ningeona aibu.”

“Basi tumestahiana,” alisema mzee, na akaendelea kufumua.

Safari hii hakuweka mbele sare za shule wala suti ya mtu. Jumatano jioni blauzi ilikuwa tayari. Aliiachia vidole viwili kila upande na kuitilia mikunjo miwili laini ubavuni, inayofunguka mwili ukijaa na kulala ukipungua. Namba aliivaa Alhamisi. Kufika saa nne alikuwa amesahau kwamba ameivaa.

Mama mkwe alimkabidhi mtoto, akasimama kando. Namba akakaa, akainua ncha ya sehemu ya juu kwa vidole viwili, akamlaza binti yake kifuani, akaachia. Nguo ikaanguka mahali pake. Mpasuko ulikuwa pale pale ulipotakiwa. Gia ilikaa wima. Kibiriti akaja na kusimama mbele yake, akaeleza kwa urefu habari ya klachi inayoteleza kwenye mlima, mwenye gari mbishi, na fundi mwingine aliyeharibu kabla yake. Namba akamjibu, akamtajia namba, akamwonyesha rafu kwa mkono wa kulia.

“Na mkubwa wetu leo hajaja?” aliuliza Kibiriti.

“Yuko hapa.”

“Hapa wapi?”

Namba akaashiria chini kwa kidevu. Kibiriti akatazama, akaona unyayo mdogo umejitokeza kwenye kiwiko cha mama, na akatoa njiti mdomoni. “Kumbe,” alisema. Akawageukia wenzake, akateremsha ile sauti ya injini mpaka ikawa mnong'ono. “Nyie, punguzeni kelele. Mtoto anakula.”

Wakapunguza. Mtu aliyekuwa anagonga rimu kwa nyundo nje akaambiwa asubiri. Aliyekuwa kwenye simu akatoka nayo barabarani. Kaunta ile, ambayo kwa miaka kumi na moja haikuwahi kunyamaza mchana, ikatulia, mpaka ikasikika feni ya darini.

Chini ya nguo, mtoto hakuwa ananyonya. Aliigusa chuchu kwa ulimi, akaisukuma nje, akageuza uso. Hakulia. Alikuwa ametulia, mashavu yana joto, mkono umelala kwenye ubavu wa mama yake. Namba akamrudisha taratibu. Akageuka tena. Akamhamishia kulia, na nguo ikamhamisha bila kuonyesha kitu. Akakamua tone moja kwenye midomo yake. Mtoto akalilamba, akamtazama mama yake kutoka kwenye kile kivuli cha bluu, akatabasamu, na mdomo hakuufungua.

Mama mkwe akainama karibu. “Ananyonya?”

Namba aliinua macho kutazama kaunta. Mafundi sita walikuwa wamesimama kimya kwa ajili yake, wengine wameshika kofia zao.

“Alilia alfajiri ulipotoka,” mama mkwe alinong'ona. “Nilingoja. Nilimtembeza mpaka miguu ikafa ganzi. Nikampa kopo kidogo. Kidogo tu, mwanangu.”

“Najua, Mama.”

“Saa nane labda.”

“Ndiyo. Saa nane mlete.”

Alikaa naye hivyo hivyo, mtoto kifuani, mpaka dakika zake zilipokwisha, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Maziwa yalitoka yenyewe bila kuitwa, kidogo, yakaishia kwenye bitana. Kisha akamtoa mtoto chini ya nguo, akamfuta kidevu kilichokuwa kikavu, akampa bibi yake. Waliondoka bila kilio. Aliwatazama mpaka mwavuli ulipovuka barabara na kupotea nyuma ya lori.

Alipogeuka, wanaume walikuwa bado wamenyamaza.

“Ongeeni tu,” aliwaambia, akivuta kitabu cha namba karibu. “Ameshamaliza.”

Wakaanza kuongea, mmoja mmoja, kwa sauti za chini.